Hofu Ikikuamsha Saa Tisa Usiku

Kuna hesabu inayozunguka makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba neno "usiogope" limeandikwa mara 365 katika Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka. Ni hesabu tamu, na wahubiri wengi wameitumia kwa nia njema. Bahati mbaya si kweli. Atakayeketi na Biblia na kalamu akahesabu mwenyewe hatafika hata nusu ya idadi hiyo, na jumla yake itapanda au kushuka kulingana na tafsiri anayoisoma. Mwenye hofu hapotezi kitu kwa kuujua ukweli huu, kwa sababu kinachomfaa zaidi ni maneno yanayofuata baada ya hilo "usiogope".

Mara nyingi sababu inayotolewa ni moja: Mungu yupo pamoja na huyo anayeogopa. Isaka aliambiwa hivyo usiku, kule Beer-sheba, baada ya kugombania visima na wachungaji wa Gerari. Yoshua aliambiwa kabla ya kuvuka Yordani. Yeremia aliambiwa akiwa bado kijana anayejitetea kwamba hajui kusema. Hakuna hata mmoja wao aliyeahidiwa njia laini. Yeremia mwenyewe, miaka mingi baadaye, alitupwa ndani ya shimo la maji huko Yerusalemu; maji hayakuwamo, yalikuwamo matope, naye akazama humo. Aliyemtoa ni Ebed-Meleki, Mkushi aliyetumika katika nyumba ya mfalme. Sura ya 38 ya kitabu cha Yeremia inasimulia jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: Mkushi yule hakuteremsha kamba tupu. Alitafuta kwanza nguo kuukuu na matambara, akamwagiza nabii ayaweke makwapani ili kamba zisimchubue.

Uwepo wa Mungu, jinsi Biblia inavyousimulia, huja mara nyingi umeshika kitu: kamba, tambara, mkate, mtu. Anayengoja kwanza asikie joto fulani moyoni ndipo aamini kwamba hayuko peke yake anaweza kungoja hadi kupambazuke. Afadhali ashike kilichopo mkononi.

Hakuna kisa kinacholionyesha jambo hili vizuri kuliko cha Eliya. Alikuwa ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli mbele ya taifa zima, kisha ujumbe mmoja tu kutoka kwa malkia Yezebeli ukamtoa mbio mpaka Beer-sheba, kusini kabisa. Hapo alifanya kosa ambalo wenye hofu wengi hulifanya: alimwacha mtumishi wake nyuma, akaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake. Akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Wapo wanaoamini kwamba mtu wa Mungu hawezi kufika mahali pa kutamani kifo. Nabii huyu alifika.

Sasa tazama alichofanyiwa, na kwa mpangilio gani. Hakukemewa. Aliachwa alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akaambiwa ale kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Baada ya siku 40 za mwendo, ndani ya pango la Horebu, ndipo alipoulizwa swali: anafanya nini pale? Akaruhusiwa kumwaga lalamiko lake lote, na alipoulizwa mara ya pili akalirudia karibu neno kwa neno. Mwishoni akapewa kazi, akapewa Elisha wa kuwa naye, na akaarifiwa kwamba kuna watu 7,000 asiowajua walio upande wake. Chakula na usingizi, kisha maneno, kisha wenzake. Mhubiri anayeanza kwa kumfokea mtu mwenye hofu kwamba imani yake ni haba ameugeuza mpangilio huo kichwa chini.

Tuseme basi ni saa tisa usiku. Nyumba nzima imelala, mbwa wa jirani anabweka bila sababu ya maana, na moyo unadunda. Ada ya shule haijatimia. Majibu ya vipimo yatatoka Alhamisi. Binti aliyekwenda kufanya kazi za ndani Muscat hajapiga simu tangu wiki iliyopita. Anayeogopa hulala chali akiitazama dari na kubishana na mawazo yake, na mara nyingi mawazo ndiyo yanayoshinda.

Usibishane nayo ukiwa umelala. Keti ukingoni mwa kitanda, weka nyayo zote mbili sakafuni, kunywa maji. Simu iache ilipo, maana hakuna habari ya saa tisa usiku iliyowahi kumrudisha mtu usingizini. Hofu ni kazi ya mwili kama ilivyo ya moyo: adrenali ikimwagika kwenye damu, mapigo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, hata kama hakuna mwizi mlangoni. Mwili huo ni kazi ya Mungu yule yule, na kuutuliza si kukosa imani.

Kisha pumua polepole, na uiweke sala fupi ndani ya pumzi. Mnamo Desemba 2001, jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake. Watu wazima 23 wenye afya walipimwa wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Hao, kwa mwendo wa sala ile, walishuka hadi karibu mara 6, na mapigo ya moyo na msukumo wa damu vikaanza kupanda na kushuka kwa pamoja. Mwandishi mkweli lazima aongeze kwamba watu hao hao walipokariri mantra za yoga walipata matokeo hayo hayo. Kwa hiyo utafiti ule hauthibitishi imani yoyote. Unaonyesha tu kwamba wazee waliowafundisha wajukuu wao kusali polepole, kwa kurudia, hawakuwa wanawapotezea muda.

Mkatoliki anayo rozari yake. Mwortodoksi, na wapo wengi Kenya na Uganda, anayo sala fupi ya jina la Yesu inayorudiwa kwa kufuata pumzi. Mpentekoste au Mlutheri asiyezoea mambo hayo anaweza kuchagua maneno yake mwenyewe: "Uko hapa" anapovuta pumzi, "mimi ni wako" anapoitoa. Anayeona haya kurudiarudia akumbuke bustani ya Gethsemane. Mathayo anaandika kwamba Yesu aliomba mara tatu, na mara ya tatu akitumia maneno yale yale. Usiku ule hapakuwa na ufasaha uliotafutwa.

Pumzi ikishatulia, itaje hofu. Itaje kwa jina lake, kwa sentensi kamili, kwa sauti ndogo: naogopa kwamba uvimbe huu ni saratani; naogopa kwamba kikundi cha VICOBA kitakuja kuchukua friji mbele ya watoto. Sala ya jumla jumla, ile ya kuomba ulinzi na baraka tu, huiacha hofu ikizurura chumbani bila sura. Ikishatajwa, mara nyingi hugawanyika yenyewe. Sehemu moja ina kitu cha kufanya kesho asubuhi, hata kidogo: kumpigia mweka hazina, kumwomba dada asindikize hospitali. Kiandike kwenye karatasi. Sehemu nyingine haina la kufanya kabisa, na hiyo ndiyo inayobaki mikononi mwa Mungu usiku huo.

Maneno yakikauka, chukua ya wengine. Zaburi ziko 150, na sehemu kubwa ziliandikwa na watu waliobanwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliagiza watawa wasali Zaburi tatu zile zile kila usiku kabla ya kulala: ya 4, ya 91 na ya 134. Kwa kuwa hazibadiliki, mtawa aliweza kuzisali gizani bila kitabu. Wabenedikto walipofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, walikuja na mapokeo hayo. Mtu wa kawaida anaweza kuyaazima. Zaburi hizo tatu kwa pamoja ni aya 27, kama dakika tano hivi zikisomwa pasipo haraka. Ya 134 ina aya tatu tu, nayo inawasemesha wale wanaosimama usiku nyumbani mwa Bwana, jambo linalompendeza kusikia mlinzi wa getini, nesi wa zamu na mama mwenye mtoto mchanga.

Ya 23 karibu kila Mkristo anaijua, lakini wachache hutambua inavyogeuka. Mwanzoni mwimbaji anaeleza habari za Mungu, jinsi anavyomlisha na kumwongoza. Afikapo kwenye bonde la giza anaacha kueleza, anaanza kusema naye ana kwa ana. Fanya hivyo hivyo chumbani. Badala ya kujihubiria kuhusu Mungu, zungumza naye.

Kwa anayetishwa na watu, ipo ya 56, ambayo kichwa chake kinaihusisha na Daudi alipokamatwa na Wafilisti huko Gathi. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasema wazi kwamba mjini Gathi Daudi alimwogopa sana mfalme Akishi, hata akajifanya mwendawazimu, akikwaruza milango ya lango na kuacha mate yatiririke ndevuni. Huyu ndiye aliyemwua Goliathi. Na kwa anayesali bila kuona nafuu yoyote, ipo ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani pasipo neno la matumaini mwishoni. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Usiku mwingine hiyo ndiyo sala pekee ya kweli ambayo mtu anayo.

Ya 91 inahitaji tahadhari kidogo. Ni nzuri mno, na kwa uzuri wake wengi wameifanya hirizi. Wapo wanaoifunua Biblia mahali pake na kuilaza chini ya mto, au kitandani mwa mtoto mchanga. Ila katika Injili ya Mathayo na ya Luka, anayeitumia Zaburi hiyo kumshawishi mtu ajirushe kutoka juu ya hekalu ni Shetani, na Yesu anakataa. Isome, iombe, ikariri. Usiitumie kumwekea Mungu masharti.

Ukaribu na hirizi unaleta jambo lingine. Hofu ni soko. Mtu anayeamini amefungwa na jirani, au kwamba bundi aliyelia juu ya bati ameleta habari, huwa tayari kulipa, na wauzaji hawakosekani: maji ya upako, mafuta ya upako, stika ya kubandika mlangoni, "mbegu" ya kupanda ili laana ikatike. Wachungaji wengi hawafanyi biashara hiyo, na waumini wao wanajua tofauti. Kipimo chepesi kinapatikana katika Matendo ya Mitume sura ya 8, pale Simoni wa Samaria alipowatolea mitume fedha ili auziwe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alimjibu kwa ukali usio wa kawaida. Anayeogopa akitajiwa bei, aondoke. Asiyejua aende wapi aanze na katekista, mzee wa kanisa au mchungaji anayemfahamu kwa miaka, asiyetoza kitu kumwombea mtu.

Na hofu nyingine ni taarifa ya kweli. Mke anayepigwa, kijana anayetishiwa maisha, mfanyakazi ambaye mwajiri wake humvizia usiku: hao hawahitaji kufundishwa utulivu. Wanahitaji kutoka. Yusufu alipoonywa juu ya Herode hakukaa kusubiri muujiza. Alimchukua mtoto na mama yake usiku ule ule wakaenda Misri. Paulo aliondoka Dameski akiwa ndani ya kapu, akishushwa ukutani usiku na wanafunzi. Kumwambia mtu aliye hatarini avumilie kwa kuwa Mungu yupo naye ni kuyapotosha maandiko hayo, maana Mungu alikuwa pamoja na Yusufu barabarani na pamoja na Paulo kapuni.

Yote haya ni rahisi zaidi kwa aliyeanza kujizoeza siku za utulivu. Januari 1736, John Wesley, kasisi wa Kianglikana mwenye umri wa miaka 32, alikuwa ndani ya meli Simmonds akielekea Georgia, Marekani, kwenda kuhubiri. Jioni ya tarehe 25, Wamoraviani kutoka Ujerumani waliokuwa wakisafiri naye walikuwa katikati ya ibada yao, wakiimba zaburi, bahari ilipoifunika meli, ikapasua tanga kubwa na kumwaga maji kati ya sitaha. Waingereza walipiga mayowe. Wajerumani waliendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa, naye akajibu kwamba hakuogopa, wala wanawake na watoto wao hawakuogopa kufa. Jambo hilo lilimsumbua Wesley, kwa sababu yeye alikuwa ameogopa.

Ni rahisi kukisoma kisa hicho kama habari ya mashujaa. Soma tena uone walikuwa wakifanya nini: ibada ya jioni, ile ile ya kila siku. Dhoruba iliwakuta kwenye ratiba. Jamii ya Wamoraviani, yenye makao yake Herrnhut, tangu 1731 ilikuwa ikichapisha kijitabu chenye aya ya kila siku, aya moja kwa siku, na kanisa lao lilipofika Rungwe mwaka 1891 lilileta desturi ya nyimbo na ibada za nyumbani ambayo Mbeya na Tabora wanaijua hadi leo. Basi chagua zaburi moja, uisali kila jioni kwa mwezi mzima, wakati ambapo huna shida yoyote. Kama familia ina kitabu cha Tenzi za Rohoni, chagueni wimbo mmoja muufanye wa usiku. "Kaa Nami" unafaa. Henry Francis Lyte, mchungaji wa Brixham huko Uingereza, aliutoa mwaka 1847 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, akafariki mwaka huo huo.

Kuna hofu isiyoondoka hata mtu afanye yote haya. Imekaa wiki kadhaa, imekula usingizi na hamu ya chakula, au inakuja ghafla kwa vishindo vya dakika kumi hivi: kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, mtu anaamini anakufa. Maumivu ya kifua yapimwe kwanza hospitali, maana moyo nao huugua. Moyo ukionekana salama, omba kumwona daktari wa afya ya akili. Huduma hiyo ipo kwenye hospitali nyingi za rufaa, na si lazima mtu afike Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi ndipo aipate. Paulo, aliyewaombea wagonjwa wakapona, alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na anayejikuta akitamani kufa, kama Eliya chini ya mretemu, asikae peke yake usiku huo; amwamshe mtu.

Pengine wewe ndiwe utakayeamshwa. Hapo kisa cha Dietrich Bonhoeffer kinafaa. Mchungaji huyu Mlutheri alikamatwa na utawala wa Hitler tarehe 5 Aprili 1943, akafungwa katika gereza la Tegel, Berlin, jiji lililokuwa likipigwa mabomu kutoka angani. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Eberhard Bethge mwishoni mwa Januari 1944 alisimulia usiku mmoja wa mashambulizi: wafungwa walikuwa wamelala chini sakafuni, na mmoja akalia akimtaja Mungu, mtu ambaye kwa kawaida alichukua mambo kwa mzaha. Mchungaji hakumhubiria. Alitazama saa yake, akamwambia haitazidi dakika kumi nyingine.

Huyo huyo alikuwa amewaandikia wafungwa wenzake sala za Krismasi ya 1943, kwa hiyo hakukosa maneno ya Mungu. Alijua tu kwamba mtu aliyelala sakafuni huku mabomu yakianguka anahitaji mwenzake aliye karibu na neno moja la kweli. Ukiitwa usiku, nenda. Usifike na mahubiri, wala na hadithi ya mtu aliyekuwa na shida kubwa zaidi. Uliza kama amekula. Chemsha uji au chai. Mwache aseme, hata akirudia yale yale mara tatu. Muulize kama angependa muombe pamoja; akikubali, sali kwa ufupi na utaje hofu yake kwa jina alilokupa yeye. Akikataa, baki tu. Asubuhi, kwa ruhusa yake, waambie watu wawili wa jumuiya ndogo ndogo au wa ushirika wa nyumbani, ili zamu ya kumtembelea isikuangukie wewe peke yako. Kabla hujaondoka, taja saa utakayompigia simu kesho, na upige saa hiyo hiyo.